Namba ya Siri Ni Yako, Siyo ya Anayepiga

Mazungumzo na wanakikundi siku ya kuvunja kikoba, Kihonda, Morogoro

Mama Mwenyekiti, Katibu, Mhazini wetu ambaye leo analindwa kuliko waziri, mama zangu, shikamooni. Wadogo zangu hamjambo. Na akina baba wawili niliowaona wanachungulia pale mlangoni, karibuni ndani, leo hatuwaombi hisa.

Nimepewa dakika ishirini niongee habari za simu. Mwenyekiti aliniita akaniambia, "Wewe ni wakala wa hela za simu, umekaa kibandani miaka kumi na mbili, mengi umeyaona. Njoo uwaambie watu wasipokee namba wasizozijua." Nikaitikia. Nikaenda nyumbani nikalala, asubuhi nikaona siwezi kusimama mbele yenu niseme maneno hayo, kwa sababu mimi mwenyewe napokea. Nanyi mnapokea. Na leo ni siku ya mgawanyo, kila mtu humu anatoka na fungu lake, na majirani wanajua, na mawifi wanajua. Kuanzia saa kumi jioni simu zitaanza kuita. Nikisema msipokee mtanipigia makofi, kisha mtatoka nje mpokee.

Halafu tuambiane ukweli. Wapo humu ambao namba ngeni hawaigusi kabisa, na wala hawaogopi matapeli. Wanaogopa marejesho. (Kicheko.) Chekeni tu, tunajuana. Hiyo nayo nitaifikia.

Ngoja kwanza niwasimulie yaliyonipata mimi. Ni mambo mawili, na nikiwapa la kwanza bila la pili nitakuwa nimewapotosha.

La kwanza ni la mwaka 2016. Asubuhi ya Jumatatu, foleni imefika barazani kwa muuza mkaa. Simu ikaita, kijana mwenye sauti ya upole, "Habari za kazi wakala wetu, pole na majukumu." Akanitajia majina yangu yote matatu. Akanitajia na namba yangu ya uwakala. Mimi nikajua huyu ni wa ofisini, wala sikukumbuka kwamba namba ya uwakala nimeibandika mwenyewe kwenye kibanda kwa maandishi yanayosomeka toka ng'ambo ya barabara. Akasema laini za mawakala zinaboreshwa, nisipofuata hatua mpaka saa sita mchana laini yangu itafungwa na kamisheni ya mwezi itakwama. Akaniuliza, "Salio lako linasoma ngapi, ili tuhakiki?" Nikamtajia. Akasema sasa bonyeza hivi, bonyeza vile, weka tarakimu hizi kumi za uhakiki. Nikaweka. Kisha akanisomea namba nyingine ya uhakiki, tarakimu moja moja, taratibu, kama mwalimu wa chekechea: nne, nane, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Nikaweka. Akasema malizia kwa namba yako ya siri, usinitajie, ni yako peke yako. Mnaona adabu hiyo? Nikaweka.

Zile tarakimu kumi zilikuwa namba yake ya simu. Na ile ya uhakiki ilikuwa shilingi 480,000. Nusu ya hela ile nilikuwa nimeikopa humu humu kwenye kikundi, na wengine mnakumbuka jinsi nilivyoilipa.

Basi nikaapa. Namba nisiyoijua haipokelewi, iwe mchana, iwe usiku. Nikawa napita mtaani najisifu nimeerevuka.

La pili likanikuta miezi minne baadaye. Mteja alitaka nimwekee kaka yake aliyeko Dumila laki tatu. Kwa haraka ya foleni nikakosea tarakimu moja, na jina lilipokuja sikulisoma. Hela ikaenda kwa mtu mwingine kabisa. Nikampigia huyo mtu: inaita, haipokelewi. Nikapiga tena, na tena. Kimya. Nikasema tayari, mwizi kashakula. Nikakaa kibandani roho juu, na katikati ya mahangaiko hayo namba ngeni ikaanza kunipigia. Sikupokea. Ikapiga mara tatu. Ukaja na ujumbe: "Mama hela yako imeingia kwangu nipigie tuongee." Nikacheka kwa uchungu. Nikasema hawa watu hawana haya, wameshasikia nimepotelewa na hela, sasa wanakuja na mtindo mpya. Nikaufuta.

Siku ya tatu watu wa huduma kwa wateja wakampata yule mzee. Mzee mkulima, mtu wa Mungu. Kumbe nilipompigia hakupokea kwa sababu namba yangu haijui, na wanawe wamemwambia namba usiyoijua usipokee. Jioni akakuta ujumbe wa hela, akaelewa, simu yake haina salio, akaazima ya mjukuu akanipigia. Na mimi namba ya mjukuu siijui, sikupokea. Alimwambia yule binti wa huduma kwa wateja, "Huyo mama nimempigia mpaka mjukuu wangu kanuna, vocha yake imekwisha."

Hebu fikirieni. Watu wawili waaminifu, hela ya mtu wa tatu iko katikati, kila mmoja anamkimbia mwenzake. Siku tatu nzima. Tangu siku hiyo nilirudi kupokea.

Sasa, kupokea kwenyewe kuna hatari gani? Kwa kupokea peke yake, karibu hakuna. Kwetu huku anayelipia simu ni anayepiga. Wewe ukipokea ukiwa nyumbani Tanzania hukatwi hata senti. Na hela iliyo kwenye simu haitoki kwa kusema "haloo." Inatoka kwa namba ya siri, na namba ya siri inabonyezwa na kidole chako. Nasema hivi kwa sababu kila wiki nasikia kibandani mtu anaapa kwamba jirani yake alipokea tu, hakusema neno, hela yote ikaondoka. Ukimbana sana unakuta kuna dakika kumi na tano za mazungumzo ambazo jirani anaona aibu kuzisimulia. Uvumi wa simu una nguvu zake. Mwaka 2004 kule Nigeria watu walitangaziana kwamba kuna namba ukizipokea unakufa papo hapo, na watu wazima na elimu zao wakazima simu.

Nije kwenye hizi simu zinazokuja bila namba. Kwenye kioo panaandikwa praiveti, au haijulikani. Mtaani tunaziita namba za siri, na tunaziogopa kuliko zote. Wengine wanasema ni usalama wa taifa. Jamani, usalama wa taifa wakutafute wewe kwa lipi, kwa kuchelewesha hisa? Kuficha namba hakuhitaji cheo. Simu nyingi, hata kitochi, zinaweza: mtandao ukiruhusu, unatanguliza alama ya reli, 31, reli tena, halafu namba unayopiga, basi, kwa mwenzako haionekani. Lakini imefichwa kwako tu. Mtandao wa simu unaiona kama kawaida, na mtu akikutukana au kukutishia kwa namba iliyofichwa, nenda polisi na tarehe na saa kamili ya simu hiyo, chukua RB yako, yaani namba ya taarifa uliyoandikisha pale kituoni, wao wana utaratibu wa kuomba kumbukumbu kwenye kampuni ya simu. Kwa hiyo usiifute kwenye orodha.

Kwa uzoefu wangu, anayeficha namba hapa Kihonda mara nyingi ni mtu unayemjua. Ni mume wa mtu anachunguza, au mke mwenza, au mtu anayekudai ambaye namba yake umeshaifungia. Tapeli wa hela haifichi sana, kwa sababu anataka umpigie tena ukikatikiwa, na anataka umtumie. Huko nje mambo ni tofauti. Mdogo wangu yuko Uingereza, anasema kule hata hospitali ikikupigia kukupa miadi mara nyingi namba haionekani, na usipopokea umeikosa. Mwenye mtoto huko Ulaya asimwambie asipokee praiveti, atamkosesha daktari.

Na zile za nje zinazolia mara moja zikakata? Hizo nitazipitia haraka. Ukiona alama ya kujumlisha na mwanzo usio 255, jiulize una mtu huko. 254 ni Kenya, 256 Uganda, 257 Burundi, 243 Kongo, 968 Oman ambako wengi wetu tuna ndugu. Kama ni namba ya nchi ambayo huwezi hata kuionyesha kwenye ramani, imelia mara moja ikakata, kazi yake ni kukutamanisha upige wewe, salio liungue kwa bei ya kimataifa, wao wapate mgawo wao. Mwenye shida na wewe atapiga tena. Usimpigie.

Sasa nifike ninapotaka. Ukiniuliza nipokee au nisipokee, nitakujibu pokea, ila ujue jambo moja: aliyepiga ndiye mwenye mpango. Yeye amejipanga, ameandika, pengine ana mwenzake pembeni anayejifanya daktari. Wewe umetoka kukaanga vitumbua. Kwa hiyo ukisikia neno hela, au neno haraka, au neno namba ya siri, kata, halafu piga wewe. Siyo kwenye namba iliyokupigia. Piga kwenye namba unayoijua tangu jana. Anayepiga ukiwa wewe, mpango unakuwa wako.

Najua ugumu ulipo. Sisi tumelelewa. Mtu amekupa shikamoo, amekuuliza hali ya watoto, amekupa pole ya mvua, utamkatiaje? Mkono unakuwa mzito. Nimewaona kina mama hapa kibandani wanajua kabisa wanatapeliwa, wanaona aibu kukata. Mmoja aliniambia, "Nilisubiri amalize, sikutaka kumvunjia heshima." Heshima ya nani? Bibi zetu walikuwa na heshima kuliko sisi, na mtu akibisha hodi usiku walikuwa hawafungui kwa neno "mimi." Mnakumbuka?

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Na mlango haufunguki mpaka "mimi nani" imejibiwa. Mtu hakununa, maana ndiyo ilikuwa desturi. Sasa tapeli anakupigia anasema, "Ni mimi bwana, umenisahau mara hii?" Na sisi kwa kuona aibu ya kusahau watu tunamsaidia: "Sauti kama ya Juma?" Anajibu, "Ndiyo mimi Juma!" Umempa jina. "Juma wa Kilosa?" Umempa na kwao. "Mama anaendeleaje, nilisikia kalazwa." Umempa na ugonjwa. Dakika tatu baadaye anakuomba hela ya matibabu ya mgonjwa uliyemletea wewe mwenyewe. Alipopiga hakuwa na kitu mkononi. Mwulize "mimi nani?" kisha unyamaze. Ukimya huo ni mgumu, nakubali, lakini uuvumilie. Juma wa kweli atajitaja tu, atakutania umezeeka, mtaendelea.

Na msidanganyike mtu akitaja jina lako kamili. Nawapa siri ya kibandani: ukianza kumtumia mtu hela, kabla hujathibitisha mtandao unakuonyesha jina lililosajiliwa. Hapo unaghairi. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye namba yako anaweza kupata jina lako bila gharama, amelala kitandani. Nalo lile daftari letu sisi mawakala, mnaloandika majina na namba na kusaini, lilikuwa linakaa wazi juu ya meza, kila mteja anasoma ya mwenzake, mwenye simu ya kamera anapiga picha. Mlitulaumu, na mlikuwa na haki. La kwangu siku hizi nalifunika na ubao wa kukatia nyanya. Niliusafisha.

Kuna simu moja nitaisimulia kwa urefu, ya mtoto shuleni, maana humu wengi tuna watoto bweni.

Saa moja jioni, nakaribia kufunga, anakuja mama amejifunga khanga juu ya khanga, jasho linamtoka, simu iko sikioni. Ananipa karatasi. "Weka laki mbili na nusu kwenye namba hii, upesi mdogo wangu, mtoto yuko chumba cha upasuaji." Na mimi nasikia kabisa mle ndani ya simu mtu anasema, "Mama usikate simu. Usiongee na mtu. Fanya muamala." Usikate simu! Hilo ndilo neno lao kubwa, maana ukikata utapumua, na ukipumua utafikiri. Nikaangalia namba, nikaanza kubonyeza, jina likaja, la mtu wa kawaida, halina mwalimu wala hospitali. Nikamwambia mama, "Mtandao umeshika." Haukushika. Nilidanganya, Mungu anisamehe. Nikaendelea kubonyeza bonyeza hewani. "Mwalimu aliyekupigia anaitwa nani?" Akasema mwalimu wa zamu. "Ndiyo, anaitwa nani?" Hajui. "Namba ya matroni unayo?" Iko nyumbani, kwenye fomu ya kujiunga. Nikamwita bodaboda wa pale kijiweni, akaenda na binti yake mdogo wakaja na fomu. Wakati wote huo mama ananitukana, yule mwizi ananitukana, wateja wanasema mpe mama wa watu huduma. Tukapiga kwa simu yangu. Matroni akasema subirini. Tukasikia sahani. Mtoto alikuwa bwaloni anakula ugali na maharage, akaja akauliza, "Mama, umetuma ile sabuni?"

Yule mama alikaa chini palepale kwenye kreti.

Lakini nisijifanye nabii. Mara nyingine alikuja baba mmoja vilevile, simu sikioni, jasho, haraka. Nikamfanyia yaleyale ya mtandao umeshika, maswali, dakika kumi. Kumbe yake ilikuwa kweli, mama yake mzazi alikuwa amelazwa na dawa zinasubiriwa. Alipata hela baadaye, mgonjwa alipona, ila yule baba mpaka leo vocha hanunui kwangu, anavuka barabara. Simlaumu.

Ndiyo maana nasema mambo haya yapangwe kabla simu haijaita. Ile fomu ya kujiunga isikae uvunguni. Namba ya matroni, ya mwalimu wa darasa, ya mwalimu mkuu, ziingizwe kwenye simu leo, na ziandikwe kwenye karatasi ukutani, kwa sababu simu huwa inaibwa na majina yake. Na mkubaliane na watoto swali la nyumbani. Jirani yangu alipigiwa na "mwanawe" aliyepotelewa na simu njiani akienda Mbeya, analia, sauti inafanana kabisa. Akamwuliza, "Bibi yako alikuwa anakuitaje?" Simu ikakatika yenyewe. Na sauti kufanana kusiwashangaze, siku hizi kuna kompyuta inayoiga sauti ya mtu kwa kusikiliza kipande kidogo tu alichorekodi. Sauti tuliyokuwa tunaitegemea kama alama ya kidole, sasa nayo tusiiape.

Kwa kikundi chetu naomba katibu aandike: mhazini akibadilisha namba, atatangaza hapa mkutanoni amesimama, tunamwona. Hakuna namba mpya ya kikoba inayotangazwa kwa simu wala kwa ujumbe. Na watu wa kampuni za simu, wao wenyewe wametangaza kwamba wakikupigia namba itakayoonekana ni 100. Anayejiita huduma kwa wateja kwa namba ya 07 au 06, hata akiwa na sauti ya malaika, mpe salamu yake umkatie.

Marejesho sasa, nilisema nitayafikia, na naona kuna watu wameanza kutafuta viatu.

Mikopo ya kwenye simu imetuletea aina mpya ya namba ngeni. Unapigiwa unaambiwa, "Unamfahamu fulani? Amekuweka wewe mdhamini, mwambie alipe au tutakutangaza." Wewe fulani unamfahamu, mlisoma naye, hukusaini kitu. Ile programu aliyopakua ilibeba majina yote yaliyo kwenye simu yake, ndiyo wanawapigia mmoja mmoja ili aone aibu. Sikieni: kuwa kwenye orodha ya simu ya mtu hakukufanyi mdhamini wake. Mdhamini anakubali kwa kujua. Hudaiwi kitu, na usilipe hata mia kwa kunyamazisha simu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo, ilianza kutumika Mei 2023, kwa hiyo mtu kusambaza jina na picha yako kwa sababu ya elfu hamsini ana la kujibu.

Na wewe uliyekopa, dada yangu, pokea simu. Mkopeshaji mwenye leseni anaweza kukupangia upya ukimweleza. Ukimkimbia yeye unazikimbia na nyingine zote: ya kliniki, ya shule, ya binti wa ofisini aliyetaka kumwita mwanao usaili kwa simu ya mezani inayoanza na 022. Namwona mama mmoja pale anatikisa kichwa, anajua ninayemsema. Kijana alitafuta kazi mwaka mzima, alipoitwa hakupokea, alidhani ni watu wa mkopo wa mama yake.

La mwisho linatuhusu sisi wa Morogoro, na linaniuma. Mamlaka ya Mawasiliano inatoa takwimu kila robo mwaka, na kwenye orodha ya mikoa ambako laini za utapeli zinatokea, Rukwa na Morogoro tumekuwa tukitajwa juu kabisa. Morogoro! Watu wa Dar wanapigiwa simu, wanasema wale wa Moro wameamka. Hizo laini zimesajiliwa kwa majina ya nani? Usajili wa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, mwaka uliofuata tarehe 20 Januari wasiosajiliwa wakaanza kuzimiwa. Tulitegemea kila laini ina mwenyewe. Kumbe kuna vijana wenye mashine barabarani: unaweka kidole, anakuambia, "Haijasoma mama, weka tena." Unaweka tena. "Mikono ya jembe hii, weka na hiki cha pili." Ya kwanza ilisoma. Ile ya pili na ya tatu umewasajilia watu wengine laini kwa jina lako, na siku polisi wakiifuatilia namba iliyompigia yule mama wa chumba cha upasuaji, watakuja na jina lako wewe, mwanakikundi, mama wa watoto wanne.

Kwa hiyo Mama Mwenyekiti, naomba unipe dakika tano kabla ya pilau, najua harufu imeshafika. Kila mtu atoe simu yake. Aliye na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, aiweke karibu. Bonyezeni nyota, 106, reli, mpige. Fuateni maelekezo mpaka mwone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu, na mwenye laini za mitandao miwili arudie kwenye mtandao wa pili. Usiogope ikikuomba namba ya NIDA, hapa aliyepiga ni wewe. Na mwenye ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" asiufute, tutautuma pamoja kwenda 15040, ukifuatiwa na namba iliyoutuma.

Haya, nani amepata jibu? Wewe mama wa kitenge cha njano? Moja, vizuri, hiyo ni yako. Mwingine. Mbili, zote unazijua? Sawa. Bibi, wewe hapo nyuma, soma kwa sauti, au mpe mjukuu akusomee. Ngapi? Tano? Na simu unayo hiyo moja tu ya tochi? Njoo ukae hapa mbele, bibi, usiifunge hiyo simu. Mwenyekiti, naomba kalamu.